Gari Linamisi Ijumaa

Ijumaa, 7 Februari

Limemisi tena! Na leo tena ni Ijumaa.

Nimetoka msikitini, kanzu imenyooka, kofia mpya. Nimewasha gari mbele ya watu wote. Likakohoa, likatetemeka kama mwenye homa, likaenda kwa kwikwi mpaka Mkunazini. Hisham, mume wa shemeji yangu Muzna, akapita na gari lake kubwa, akateremsha kioo. Akauliza: mwanyumba, hilo gari linacheza ngoma ya msewe?

Mtu mwenye mpango hajibu.

Mpango wenyewe: mama mkwe, Bi Zeyana, ana chumba cha chini kinachotazama barabara. Kitupu tangu fundi cherehani ahamie Fumba. Mimi nakitaka kiwe ofisi ya kupeleka wageni Kizimkazi kuona pomboo. Hisham anakitaka auze magodoro. Magodoro! Bi Zeyana hataki maneno. Ijumaa ijayo anakwenda Kizimkazi kwenye harusi ya Salhiya, mjukuu wa dada yake, kabla ya Ramadhani kuingia. Kasema atapanda gari langu. Nikimfikisha kwa raha, ufunguo wangu. Nikimkwamisha njiani, yatakuwa magodoro.

Wafaa, mke wangu, kashauri tukodi gari. Nimemwambia mwenye ofisi ya usafiri hakodi gari.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi kwikwi kidogo. Mchana, jua likakaza, gari likatulia lenyewe. Laini kama samli.

Nitafuata njia ya kisayansi, kama tulivyofundishwa kwenye fizikia kidato cha nne. Unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha vilevile, unatazama. Ninaowashuku: petroli, plagi, na Hisham.

Wafaa kaniuliza kwa nini nisiende kwa fundi. Fundi ni wa mtu asiyesoma.

Jumatatu, 10 Februari

Gari halina neno. Nimebadilisha plagi hata hivyo. Nimezifungua mwenyewe uani, Wafaa kasimama pembeni akitazama jinsi koili za umeme zinavyochomolewa juu ya plagi. Nimemweleza kila hatua. Mwanamke akielimishwa naye anafaidika.

Plagi za zamani zina kutu. Ndani ya injini! Nimeandika sababu: tunaishi kisiwani, hewa ina chumvi.

Jumatano, 12 Februari

Nimetia petroli kituo kingine. Tumekwenda Fumba na kurudi, kama jaribio. Hata kwikwi moja. Wafaa kalala njia nzima.

Alipoamka kauliza mbona Jumatano gari zima na Ijumaa gonjwa. Swali zuri, nikakiri. Jibu limenijia pale Kiembesamaki: jicho! Ijumaa ndiyo siku gari langu huwa safi kuliko magari yote ya msikitini. Watu wanalitazama. Linahusudiwa.

Wafaa kasema basi lipeleke chafu. Nimecheka sana.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya josho. Watu wengi wanajua kuoga josho la Ijumaa wao tu, gari linabaki na uchafu wake. Mimi kila Alhamisi baada ya Alasiri naliogesha. Na si bodi tu. Nafungua boneti, napiga injini kwa mpira wa maji, juu, chini, kila kitundu, mpaka ing'ae. Mtu hatawadhi uso akaacha miguu.

Leo, kwa heshima ya harusi, nimeiosha mara mbili.

Jirani yetu Bi Kazija, mwenye bomba, kachungulia dirishani. Kaniita. Naam, Bi Kazija. Kauliza hiyo ni injini au sufuria ya biriani. Kisha nikaifukiza udi kwa ajili ya jicho, nikafunga boneti moshi upate kuenea. Bi Kazija akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Jamani, anaolewa Salhiya au gari?"

Wafaa kauliza taratibu kama si hili josho ndilo linalolitia gari ugonjwa. Nimemfahamisha. Josho nalifanya kila wiki, halibadiliki. Katika jaribio, kisichobadilika hakishukiwi. Kaingia ndani kupika. Nadhani kafahamu.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika Kizimkazi, tumbo limejaa pilau iliyopoa.

Tuliondoka baada ya sala. Bi Zeyana mbele, buibui jipya, kikapu cha halua mapajani, Wafaa nyuma. Shikamoo mama. Marahaba baba, gari lanukia! Mwanzo mzuri.

Kwikwi zilianza kabla hatujatoka mjini. Kufika Tunguu zikawa kikohozi. Penye kijiji cha Bungi gari likazima, kimya, kando ya minazi. Bi Zeyana akaendelea na uradi wake, tasbihi mkononi. Jasho likamtoka. Halua ikaanza kulainika.

Na nani akatokea nyuma? Hisham na Muzna, vioo vimefungwa, baridi ndani. Bi Zeyana akashuka, akaniambia kwa upole nisioweza kuustahimili: "Mwanangu, gari lako lanukia vizuri. Lakini mimi siendi harusini kunusa."

Wafaa hakwenda nao. Kakataa. Kafungua boneti, kachukua spana yangu, kachomoa koili kama nilivyomfundisha. Maji! Shimo la plagi limejaa maji kama kisima. Kayakausha kwa upindo wa kanga, mashimo yote, akanambia washa. Likawaka. Samli.

Nikastaajabu: maji yametoka wapi, na hakuna mvua? Wafaa akasema, "Mpirani mwako, Muhannad. Kila Alhamisi unayamimina, kila Ijumaa unayashangaa."

Tulifika sahani zinaoshwa. Hisham akaniletea kombe la pilau. "Mwanyumba, tumekuwekea ukoko."

Jumamosi, 15 Februari

Bi Zeyana katuita wote. Hisham kaja kanyoa ndevu, tayari kupokea.

Bi Zeyana kasema: Muhannad kanikwamisha. Hisham kanifikisha, lakini tangu Bungi mpaka Kizimkazi kazi yake kuniuliza ufunguo, nimekatika uradi njia nzima. Aliyesimama juani akalitengeneza gari kwa upindo wa kanga ni mwanangu Wafaa. Ufunguo huu hapa.

Wafaa atauza udi na marashi. Kumbe alikuwa na nia hiyo tangu fundi cherehani aondoke. Hakuna aliyemuuliza. Hisham kanitazama, nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tumeoneana huruma.

Bi Zeyana akanishika mkono mlangoni. Akauliza kama redio yangu nayo naiosha kwa mpira. Nikasema hapana. Akasema basi, na injini nayo ina umeme.

Alhamisi, 20 Februari

Nimetafakari kwa utulivu. Wafaa kapatia: ni maji. Lakini hakulifikisha neno mwisho wake, kwa sababu hakusoma fizikia. Maji gani? Ya bomba la Bi Kazija! Yana chumvi, yana chokaa, yanaacha weupe kwenye birika. Ndiyo ile kutu. Josho halina kosa. Kosa ni la bomba.

Dawa ni maji safi, yaliyopikwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Na yapo rafu nzima kwenye duka la Wafaa, limefunguliwa juzi tu.

Baada ya Alasiri Wafaa alikwenda kwa Muzna. Nimechukua chupa kubwa za marashi ya mawaridi, yale maji ya waridi yaliyopikwa. Nimefungua boneti. Nimeiogesha injini yote, kila kitundu, na yaliyobaki nikayanyunyiza kwa mrashi. Bi Kazija alichungulia, akafunga dirisha. Mara yake ya kwanza.

Mtaa mzima unanukia. Kesho Ijumaa. Nimemwambia Hisham asimame nje ya msikiti asikilize injini.