Betri ya Mashua na Posa ya Suguti

Jumatatu, 9 Februari 1987

Mashua imegoma! Nimezungusha ufunguo wa injini, ikalia kwi, kisha kimya. Nikazungusha tena. Hata kwi hakuna. Na Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Mashua ni ya Mzungu wa utafiti wa samaki. Yuko likizo kwao mpaka baada ya Pasaka, na mimi, Alfonce, ndiye mlinzi. Ina mlingoti na tanga, lakini ina injini pia, na injini haiwaki bila betri. Jumapili natakiwa kwenda Suguti kumchukua Mzee Burito, baba yake Helena, nimlete Musoma akazungumze na baba yangu mdogo mambo ya ng'ombe wa mahari. Mzee alisema amesubiri upepo ujana wake wote, sasa basi. Nikamwambia chombo changu hakisubiri upepo. Nilisema changu. Neno lilinitoka tu.

Nampenda Helena mpaka chakula hakipiti. Nikiaibika mbele ya baba yake, nimemkosa.

Naandika kwa mwanga wa balbu. Mafuta ya taa ni ya kugombania, kwa hiyo nimevuta waya kutoka kwenye betri ya mashua mpaka chumbani kwangu hapa ufukweni. Waya huohuo unaendesha redio kaseti, na majirani wote wanasikilizia kwangu. Wananiita fundi. Leo balbu imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Betri haipati chaji. Mchawi ni dainamo, hakuna mwingine.

Jumanne, 10 Februari

Nilijua! Mkanda wa dainamo umelegea. Nimezunguka maduka ya Iringo kutafuta mpya. Tangu mambo yawe ruksa, madukani kuna manukato, miwani ya jua, viatu vya kila rangi. Mkanda wa dainamo hakuna.

Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga mahali pa mkanda. Injini nimeiwasha kwa hendeli, lile chuma la kuizungushia, mkono nusura ung'oke begani. Ikanguruma! Nikarusha mikono juu kwa furaha. Hendeli ikaruka nayo, ikatua ziwani. Nimepapasa chini kwa mguu, nimekanyaga tope tu.

Si kitu, betri imeshiba. Jioni balbu imewaka vizuri mno, na majirani wamesikiliza mpira hadi redio ikafunga matangazo.

Jumatano, 11 Februari

Imekufa tena. Sasa nimeanza kuogopa kwelikweli, maana hendeli sina.

Nikafanya afanyavyo kila mtu betri za redio zikichoka: nikaianika juani. Nimeibeba hadi juu ya bati la banda la kuku, nikaigeuza kila upande upate moto. Ndipo akapita Florian.

Florian anachajisha betri za watu pale Iringo. Ndiye pia anayemsalimia Helena kila akija Misa mjini, salamu ndefu isiyo na sababu. Aliniuliza kama betri nimeipaka mafuta isije ikaungua ngozi. Kisha akaacha kucheka.

"Alfonce, hicho kitaa unakiwashaga usiku kucha. Kata huo waya, niletee betri niichaji siku moja, utaenda Suguti vizuri tu."

Wivu! Anataka betri yangu iwe mikononi mwake Jumapili ikifika. Nimemjibu kwamba balbu yenyewe ni ndogo kuliko yai, itamaliza betri kubwa namna ile? Akaondoka akitikisa kichwa.

Jioni betri ilikuwa ya moto kama pasi. Umeme hamna. Majirani wameguna, wakarudi kwao.

Alhamisi, 12 Februari

Bunda. Binamu yangu Ryoba yuko kwenye gereji ya malori, akanipa tindikali ya betri ndani ya chupa ya bia. Chupa akaiziba kwa gunzi la mahindi, kama chupa ya mafuta yoyote. Nikapanda lori la mizigo, chupa katikati ya magoti, na suruali yangu ya suti nikiwa nimeivaa ili niheshimike Bunda.

Tulipokaribia Kiabakari nikahisi paja linawasha. Kutazama, gunzi limegeuka uji mweusi! Pembeni yangu mama ana mtoto mgongoni. Nikainuka, nikanyoosha mkono wenye chupa nje ya bodi ya lori, na hivyo ndivyo nilivyosafiri hadi Musoma. Kila shimo barabarani nilimwita Mungu. Abiria wote walikuwa wamejibana upande wa pili.

Mtoto salama. Paja limebabuka. Suruali ina dirisha.

Jumamosi, 14 Februari

Jana nilimimina tindikali iliyobaki, betri ikachemka, ikatoa harufu, ikanyamaza.

Nimesalimu amri, lakini kwa akili. Nimemtuma jirani yangu Eufrasia aipeleke betri kwa Florian, aseme ni ya kipaza sauti cha kwaya. Kazi ya Kanisa Florian haitozi. Ameichaji tangu asubuhi hadi jioni bure kabisa! Nimecheka peke yangu.

Eufrasia kaja na betri na ujumbe: Florian anawasalimu wanakwaya, na anawaomba wakate ule waya.

Sijui kwaya ina waya gani.

Betri ikishachajiwa lazima ijaribiwe. Nimeunganisha balbu na redio nione kama imeshika. Imeshika! Majirani wamekuja kunipongeza mapema, tumecheza mpaka jasho. Naiacha ijaribike hadi asubuhi.

Jumapili, 15 Februari

Sitaki, lakini niandike.

Kwenda Suguti injini iliwaka kwa shida, ila iliwaka. Mzee Burito alipanda na fimbo yake. Helena akamfuata, kitenge cha kijani. Ili wajue hiki ni chombo cha kisasa nikawasha taa zote mchana kweupe, na redio juu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona mkwe tayari.

Tulipoyaona majabali ya Musoma, mpira wa baiskeli ukakatika. Redio ikaanza kuvuta maneno kama mlevi. Taa zikafifia. Injini ikakohoa, ikazima. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Mawimbi yakatugeuza ubavu na kutusukuma kwenye mawe. Nikazungusha, nikazungusha! Nikailamba nguzo ya betri nisikie kama bado ina umeme wa kuuma. Haikuuma. Nikajua tunakufa, na nitakuwa nimemuua Helena.

Helena akauliza mbona sipandishi tanga. Nikamweleza ukweli: sijawahi kulipandisha, na kamba yake naanikia nguo. Akakaza kitenge, akaifungua kamba, akavuta. Mzee akatupa fimbo, akashika usukani. Tanga likajaa upepo, mashua ikainama, jabali likapita karibu kiasi cha kuligusa. Wao walifanya kazi hadi gatini. Mimi nilikumbatia betri isilowe.

Gatini Mzee alinishika bega, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe si mtu mbaya, Alfonce. Lakini siwezi kumwozesha binti yangu kwa abiria."

Kwa baba mdogo hakufika. Wakarudi kwa gari. Kabla ya kupanda, Helena alinivuta pembeni. Akasema bado ananitaka. Nijifunze, kisha kabla ya Pasaka nije Suguti peke yangu, kwa tanga. Akiliona tanga kwa mbali, atamwambia baba yake mwenyewe. Nimelia mbele za watu.

Jumatatu, 16 Februari

Siku nzima nawaza maneno ya Helena, na nimemwelewa barabara. Shida ni kuonekana kwa mbali. Je, nikichelewa na giza likaingia? Nguo nyeupe gizani nani ataiona?

Jibu ni taa. Nitapanga balbu toka chini ya mlingoti hadi kileleni, za rangi, Suguti nzima itoke nje. Betri moja haitoshi, nitaunganisha mbili. Ya pili Ryoba ataniazima, na Florian atazichaji zote. Nitamwambia ni za mkesha wa Pasaka. Waya ninao.

Leo nimeshaanza kufunga balbu. Tanga nimelivua, nimelikunja na kulifungia stoo, lisije likaziba mwanga.