Droni ya Hafsa na Afande wa Kanyenye

Sabiri wa Kanyenye, mjini Tabora, hakuwahi kuajiriwa na serikali yoyote, lakini sare alizokuwa nazo zingetosha kuendesha wizara. Asubuhi ile alikuwa akinywa kahawa aliposikia mwanamke wa meza ya pili akiulizia gari la kukodi hadi hifadhi ya Mto Ugalla. Ndani ya begi lake ilionekana droni, mpya kabisa. Sabiri aliiacha kahawa, akarudi amevaa kombati za kijani.

"Habari, dada. Afande Sabiri, uhifadhi. Hiyo droni unaipeleka hifadhini?"

"Ndiyo, afande."

"Kule hairushwi bila kibali. Inatisha wanyama. Itabidi niishike kwa niaba ya taifa." Neno taifa alilitamka kwa upole, kama anamtaja mama yake mzazi.

Mwanamke huyo, Hafsa, hakubisha. Alijifunga mtandio vizuri. "Basi twende wote. Mtuhumiwa na kidhibiti hawatenganishwi."

"Wewe nimekusamehe."

"Ahsante, lakini nipeleke kwa wakubwa wako wanisamehe wao. Au tuulize polisi pale ng'ambo."

Polisi wa pale ng'ambo walimfahamu Sabiri kwa sura na kwa kikohozi. Akafungua mlango wa gari lake, wakashika njia ya hifadhini.

Walipofika Urambo alikuwa amejaza mafuta na kumnunulia mtuhumiwa wali kuku.

"Dada, chukua droni yako, ushuke, uende kwa amani," alimsihi.

"Dhamiri inanisuta, afande. Au nipige simu getini niwaulize kama unaruhusiwa kuniachia?"

Sabiri akakanyaga mafuta.

Getini walipokelewa na askari wa hifadhi, Wilbroad. "Karibu, Hafsa. Watafiti wa viboko wanakusubiri, na kibali chako kimetoka." Kisha akamtazama Sabiri kuanzia kofia kushuka chini. "Na mwenzetu wewe, wa kituo gani?"

Sabiri aliivua kofia. "Mimi ni dereva wake."

"Dereva mzuri sana," Hafsa alimuunga mkono. "Kombati tu ndizo nilizomwambia avue, hasikii."

Akazivua palepale, akabaki na fulana na bukta, akabeba mizigo hadi kambini.

"Ulijua tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu kule mkahawani. Askari wa hifadhi havai makobazi."

"Basi nikuage."

Hafsa alikuwa tayari anaunganisha mabawa ya droni. "Unakwenda wapi? Kazi ni ya wiki nzima, na kurudi Tabora nitarudi na nani?"

Sabiri aligeuka kulitazama gari lake. Wilbroad alikuwa ameuegemea mlango, anachezea funguo za gari hilo.