Faili Linalokohoa

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua wizi! Daftari la lifti linasema leo yamepanda mafaili kumi na moja hadi ghorofa ya nne. Mimi ndiye karani wa masijala. Kila faili la ofisi hii lazima lipite mezani kwangu. Nimepokea mawili. Tisa yako wapi? Mwandiko ni wa Dada wa Mapokezi, yule anayecheka na kila mtu. Nilijua tu. Mtu hachekicheki bure.

Saa tano nikajibanza nyuma ya kabati. Mlango wa lifti ukafunguka. Likatoka faili moja. Lina fimbo. Linakohoa. Likaniita mwanangu, likauliza dirisha la uhakiki liko upande gani.

Kumbe Dada anapandisha wastaafu, anawaandika mafaili! Kila mwaka lazima waje wenyewe ghorofa ya nne kuthibitisha kuwa wako hai. Asiyetokea anaandikwa marehemu. Siku zote wanapanda ngazi, tisini na mbili, nimezihesabu. Lifti ni ya mizigo. Ufunguo wake unakaa Mapokezi, tunautumia sisi wa ghorofa ya nne, na Bosi amebandika tangazo: MAFAILI TU. AKIKOSEA MMOJA, MTANYANG'ANYWA WOTE.

Mimi pia napanda lifti kila asubuhi, sikatai. Lakini kwapani nina faili. Ni lile lile tangu mwaka juzi na ndani halina kitu. Tangazo halikusema liwe na kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimseme, nisimseme? Nikimsema, haki itatendeka, na Bosi ataona nani anafaa kuwa Mtunza Ufunguo, cheo ambacho hakipo lakini kinahitajika sana. Nikinyamaza, ataendelea kupendwa. Hilo siliwezi.

Nikampa nafasi ya kujirudi. Nikazunguka meza yake, nikasema nasikia humu kuna watu wanaandika uongo daftarini. Wala hakushtuka! Akaniambia, Kaka, kila mmoja wao ana faili lake humu ndani, tofauti ni kwamba hawa wanatembea. Akasema wiki iliyopita babu mmoja aliketi katikati ya ngazi, akaomba aandikwe tu amekufa, arudi zake nyumbani. Akasema pia mkataba wake unaisha mwezi huu, kwa hiyo kama nina neno nimwambie yeye kwanza.

Nikamwambia sina neno lolote. Nikarudi mezani, nikachonga penseli.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika! Barua ya kurasa mbili, bila jina. Nimeeleza kwamba wamepandishwa wazee arobaini na mmoja, kwamba foleni ya dirishani inakwisha kabla ya adhuhuri, kwamba hakuna aliyelalamika, maana yake wote wamehusika. Nikamalizia: Hii ni aibu kwa ofisi, hatua zichukuliwe haraka. Nikaweka sahihi: Mpenda Haki. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, nikaondoka napiga mluzi.

Mwili mwepesi! Hata mke wangu ameniuliza leo nimepata nini.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mke wangu amenikumbusha, huku ananipakulia chakula cha mchana, kwamba kesho ni siku ya mwisho ya mama yake kuhakikiwa. Kesho! Na magoti yale! Mwaka jana alipanda ngazi zote akalala siku tatu. Mke wangu amesema amesikia ofisini kwetu kuna dada mmoja mwenye utu anawapandisha wazee kwa lifti, na nimpe salamu zake. Chakula kilinishinda.

Nikarudi ofisini mbio. Nikachukua rula, nikaipaka gundi, nikaiingiza kwenye sanduku la maoni. Ikanasa. Si barua, rula. Nikaingiza mkono. Ukanasa nao. Bosi akapita, akanikuta nimekumbatia sanduku. Akasema anafurahi kuona mtumishi mwenye maoni mengi namna hii. Akaongeza kwamba hilo sanduku alilifungua tangu asubuhi.

Ndipo nikakumbuka. Barua ile niliigonga muhuri! Muhuri wa masijala, na kumbukumbu namba, na nakala nimeiweka jaladani. Miaka kumi na tisa karatasi haijawahi kunitoka mkononi bila muhuri. Mpenda Haki, Masijala, Chumba Namba Tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Ushindi!

Asubuhi Bosi katuita wote chini, mlangoni pa lifti. Ufunguo mkono huu, barua mkono huu. Dada wa Mapokezi kasimama, daftari la lifti mkononi. Kwenye benchi kaketi mama mkwe, kitambulisho kifuani, ananitazama mimi tu. Bosi akaisoma barua yote, neno kwa neno, mpaka namba ya muhuri. Kisha akauliza mwandishi alikusudia nini kusema ni aibu.

 Mama mkwe akakohoa.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema ni aibu, mzee, kwa sababu hatukuliwaza jambo hili miaka yote, mpaka Dada huyu alipotufungua macho. Na hatua? Hatua ni kiti. Kiwekwe kiti ndani ya lifti, haraka.

Bosi akaitikia kwa kichwa. Akasema foleni kwisha kabla ya adhuhuri ni jambo ambalo hata wakubwa wake wameliuliza. Akalibandua tangazo. Ufunguo akamkabidhi Dada wa Mapokezi, akamwambia aje asaini mkataba mpya. Mimi nikapewa mkono. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akapanda ameketi, akashuka yu hai kwa muhuri, akatangaza mbele ya wote kwamba binti yake hakukosea kuolewa nami. Miaka kumi na mbili nalisubiri neno hilo!

Dada alinitazama tu, akatabasamu. Daftarini kaandika: Faili moja, mama mkwe wa Kaka. Halikohoi sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika ofisini kifua mbele, faili langu kwapani. Lifti imejaa. Mlangoni kuna tangazo jipya lenye sahihi ya Bosi: WAZEE KWANZA. MAFAILI YAPANDE NGAZI.

Ngazi tisini na mbili! Nimefika juu natweta, nikamkuta babu wa fimbo, aliyehakikiwa tangu wiki iliyopita, ameketi kwenye kiti cha lifti ananipungia mkono.

Nimekaa, nimeandika kurasa tatu juu ya wanaotumia vibaya kile kiti. Safari hii nimekuwa mwangalifu, mwandiko nimeubadilisha kabisa. Nimegonga muhuri, nimeweka nakala jaladani, nimetumbukiza.