Chanzo cha Kifo cha Mabala

Aibu niliyoipata leo, acheni tu. Nimeipata kwetu Zagayu, mbele ya wanafunzi kumi na wanane, na aliyenipa ni dada yangu wa tumbo moja.

Wengi mnanijua. Mimi ni daktari wa mifugo, nimefundisha magonjwa ya ng'ombe chuoni zaidi ya miaka thelathini, na mwezi ujao nastaafu. Mliopita darasani kwangu mnakijua pia kisa cha Mabala. (Msijifanye mmesahau, kuna mliolia.) Kila mwaka, mhadhara wa kwanza, naanza nacho. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye mabaka meupe, jina lake Mabala, ndiye aliyetupa maziwa. Siku moja akaanguka, povu mdomoni, akafa. Ilikuwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, na hapakuwa na mtaalamu wa kutusaidia. Nikaapa kwamba mtaalamu huyo nitakuwa mimi. Nikifika hapo nanyamaza, navua miwani, naifuta. (Miwani huwa safi kabisa.)

Sasa, hii ndiyo ziara yangu ya mwisho ya mafunzo. Jana tulilala Bariadi, asubuhi tukaenda Zagayu kuchukua damu na kukusanya kupe kwa wafugaji. Zizi la mwisho nilipanga liwe letu, kusudi. Dada Kabula ndiye aliyebaki kuutunza mji wa baba, na hajawahi kunisikia nikifundisha hata siku moja. Nilitaka anione kabla sijaacha kazi. Nilitaka ajivune. Nikachomekea na shati.

"Mwadila, dada."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nikaingia zizini. Jamani! Moshi wa mavi makavu ni ule ule. Ua wa minyaa ni ule ule, ila umekuwa mrefu. Pale kwenye kona ndipo mama alipokuwa akiwaita ng'ombe kwa majina jioni, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa anageuza sikio. Nikawakusanya wanafunzi palepale, dada naye akasogea na kibuyu chake cha maziwa.

Nikakitoa kisa cha Mabala vizuri kuliko nilivyowahi kukitoa. Nikaonyesha hata mahali alipoangukia. Binti mmoja akapenga kamasi. Nikanyamaza. Nikavua miwani.

"We Maduhu," dada akasema. "Mabala yupi huyo?"

"Si yule mwekundu, dada. Aliyekufa kwa ndigana."

"Ndigana?" Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Yule si alikufa kwa kunde!"

Nikamwambia tutaongea baadaye. Nikamwonyesha kwa macho. Nikakohoa. Nimechelewa! Rehema, kiongozi wa darasa, ameshafungua daftari.

Hapa niwakumbushe kanuni yangu, niliyowakaririsha tangu mwaka wa kwanza: mwenye ng'ombe atakueleza anachopenda kuamini, muulize anayemkamua. (Nimeiuliza kwenye mtihani. Mara mbili.)

"Samahani, mama," Rehema akauliza kwa adabu zote, "nani alikuwa anamkamua Mabala?"

"Mimi."

Madaftari yote yakafunguka.

"Matezi ya shingoni yalivimba?"

"Sikuona. Shingo tuliila, ilikuwa nzuri."

"Alikuwa na kupe?"

"Ng'ombe gani huyo asiye na kupe, mwanangu?"

"Tumbo je?"

"Lilivimba, upande wa kushoto. Ukigonga, ngoma."

"Toka alipoanza kuumwa mpaka kufa, ni siku ngapi?"

"Siku? Nilikuwa nimeweka uji upoe. Haujapoa, ng'ombe amekufa."

Wanafunzi wakatazamana. Kila mmoja wao anajua jibu, maana niliwafundisha mwenyewe. Ng'ombe alivimbiwa, tumbo likajaa gesi. Nikaanza kueleza kwamba zipo hali fulani ambapo ndigana, kwa nadra sana... Hakuna aliyeandika.

"Aliyekuwa anachunga alikuwa wapi?" Rehema akaendelea. (Huyu binti nilimpa alama za juu. Najuta.)

Dada akaninyooshea kidevu. "Huyu hapa. Alikuwa amewapanga mbuzi mstari nyuma ya zizi, ameshika fimbo, anawafundisha kuhesabu. Mbuzi akigeuka, anamfokea, 'Wewe, sikiliza!' Huku Mabala ameingia kwenye kunde za jirani, mbichi, zina umande. Amekula mpaka basi. Mwalimu hana habari!"

Kicheko kilichopigwa pale, ng'ombe wenyewe walisogea pembeni.

Na hapo, ndugu zangu, nikawakumbuka wale mbuzi. Mmoja alikuwa amevunjika pembe. Ndiye aliyekuwa monita. Nikakumbuka pia nilivyokimbilia kwa bibi nikakaa huko mpaka nyama ilipoisha. Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu akataja ndigana na povu mdomoni, nikajisemea: Mabala! Kesi ikafungwa, na mimi nikatoka msafi.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na wewe ndiye uliyesoma."

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

"Baba alipompasua akaziona kunde, hakukuchapa," akasema, sasa taratibu. "Alisema, 'Huyu kuchunga hataweza. Aende shule, labda huko watamsikiliza.' Fimbo yako akanipa mimi. Nilikuwa darasa la tatu, nikaishia hapo."

Miaka yote hii nimesimama mbele za watu nikisema Mabala ndiye aliyenisomesha. Kumbe aliyenisomesha alikuwa huku, anachunga zamu yangu, na mimi sikuwahi hata kuuliza. Nikamshukuru, "Wabeja, dada. Wabeja sana." Nikavua miwani, nikaifuta. Leo ilikuwa imelowa kweli.

Akanipa kibuyu ninywe kwanza mimi, kama zamani.

"Lakini unafundisha vizuri, ilumbu, ndugu yangu," akasema. "Nimefurahi kukusikia. Mbuzi nao walikuwa wanatulia hivihivi."

Tumerudi Bariadi. Nimejifungia kwa kisingizio cha kupanga sampuli, lakini nje nawasikia wakiitana, "Wewe, sikiliza!" halafu mmoja anaitikia kwa sauti ya mbuzi. Ninyi mliowahi kulia darasani kwangu, naomba tusidaiane machozi.

Rehema ameniletea fomu za leo nizisaini. Ya mwisho ilikuwa imejazwa kwa mwandiko safi, hakuna palipoachwa wazi. Mgonjwa: Mabala, jike, mwekundu mwenye mabaka. Historia: imetolewa na mkamuaji. Chanzo cha kifo: mhadhara.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa nimpunguzie alama. Sikuliona. Nimesaini.