Bahari Niliyoileta Keroka

Jumatatu, Agosti 4

Nimeonewa! Mohamednoor, jirani yangu muuza magodoro, amemrudisha mkewe Nasteho kutoka Mombasa, na sasa duka lao limegeuka sinema. Picha za hoteli ya kifahari karibu na Mji wa Kale. Nasteho kando ya bwawa. Nasteho na dafu. Nasteho na taulo iliyokunjwa ikawa bata. Mke wangu Persis ameziangalia zote, kisha akanikumbusha kwamba Mombasa nilimwahidi kabla hata sijampelekea baba yake ng'ombe. Amesema ni Agosti hii, la sivyo anarudi kwao Nyamira. Kisa taulo!

Jumanne, Agosti 5

Dawa nimeipata. Mombasa ni nini? Mchanga, maji na mwavuli, basi. Nimeenda Tabaka. Wachongaji wana vilima vya unga wa mawe ya sabuni, mweupe, laini, na wanautupa! Nimejaza pikapu. Mzee mmoja akauliza nautaka wa nini. Nikamwambia ni mambo ya utalii. Alicheka mpaka akakaa chini. Watu wengine hawana maono kabisa.

Alhamisi, Agosti 7

Uwanja wangu wa nyuma sasa ni pwani. Mwavuli nimeazima kwa mama anayeuza laini za simu stendi. Bwawa ni tangi la maji nililolikata nusu. Nimejaribu kukunja taulo iwe bata, imekuwa ugali. Mohamednoor amechungulia juu ya ua akauliza kama tuna matanga. Nimemwambia Persis afunge mkoba, Jumapili tunasafiri. Ameimba kutwa. Sikusema uongo: kutoka jikoni hadi uwanjani pia ni safari.

Jumamosi, Agosti 9

Sabato. Pasta ameiombea safari ya Persis mbele ya kanisa zima! Katika mji huu mtu hawezi kufanya jambo lake kimyakimya. Akina mama wamemwagiza halua na tende. Habari zimefika hadi Nyamira, na kesho mama mkwe anakuja kumuaga bintiye. Nani kamwita?

Jumapili, Agosti 10

Wamenimaliza! Nilimfunga Persis kitambaa machoni, nikamwongoza nyuma ya nyumba na mkoba wake. Nikamfungua. Akauliza kwa sauti ya chini bahari iko wapi. Nilikuwa bado naeleza habari ya tangi mvua ya alasiri ilipomwagika, kama kawaida yake, na ule unga ukawa mlenda. Ndipo mama mkwe akatokea pembeni na kibuyu cha maziwa lala. Hatua moja tu! Akaja akiteleza moja kwa moja kwangu. Ningefanyaje? Nikamdaka. Tukatumbukia wote tangini. Mimi na mama mkwe! Mtu ambaye kwa chinsoni, miiko yetu ya heshima kwa wakwe, hata mkono simpi, njiani nampisha kwa mbali! Na Mohamednoor yuko juu ya ua, na simu yake.

Jumatatu, Agosti 11

Wazee wameketi. Nilitarajia shukrani. Nimetozwa mbuzi wa kuondoa aibu. Mama mkwe akamkataa mbuzi. Eti kiuno chake kimeumia, kinataka maji ya chumvi, hoteli yenye lifti, na bintiye wa kumshika mkono. Wazee wote wakaitikia! Mtamba wangu ameuzwa. Chumba kimetafutwa na Mohamednoor, kwa simu ileile.

Alhamisi, Agosti 14

Picha zinaingia. Mama mkwe kando ya bwawa, kiuno kizima. Mama mkwe na dafu. Mama mkwe amekumbatia bata wa taulo. Persis ameandika kwamba wameongeza siku, na kwamba atarudi nikishajua kosa langu. Kosa! Mimi niliyemwokoa mama yake! Nimekaa nikalitafuta kwa moyo wote. Silioni. Kosa ni la mvua.

Saa kumi. Mvua ya mawe imeshuka, kubwa ajabu. Nimetoka nje. Paa jeupe, migomba myeupe, uwanja mzima mweupe. Baridi ya kung'ata meno. Machozi yamenilengalenga. Hii ni Ulaya! Nimemwandikia Persis papo hapo asifungue mkoba, Desemba nampeleka kwenye theluji. Na amlete mama pia. Barafu haitelezi.