Nyekundu ya Treni ya Olšinka

Waziri alilibwaga gazeti la mkoa mezani, katikati ya glasi tatu za bia, kwa nguvu mpaka povu likaruka.

"Someni wenyewe! Treni ya Zálesná kwenda Olšinka wanataka kuifuta! Ratiba mpya ya Desemba ikitoka, haimo! Eti haina abiria!"

Draha, mwenye baa, alikuwa nyuma ya kaunta anasuuza glasi. Aliiacha majini. Treni hiyo ndiyo inayomleta kazini hapa Zálesná na kumrudisha kwake Olšinka saa nne usiku akishafunga. Gari hana, kuendesha hajui, na basi la mwisho la kwenda kwao huondoka saa kumi na mbili jioni, wakati wateja wake ndiyo kwanza wanavua makoti. Basi hilo halimfai hata kidogo.

Lakini alijipa moyo. Kama kuna watu wa kuipigania treni hiyo, si ndio hawa? Vigogo watatu wa Chama cha Reli Ndogo, kila Jumatano meza ileile ya dirishani, macho stesheni. Miaka nenda rudi wanaijenga reli ya Olšinka kwa mfano mdogo wa mezani, na vilima vyake vya sponji na miti yake ya kuvumwani, kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Rangi.

Rangi jina lake Zbyněk. Alikuwa anapaka rangi magari, na kucha zake hazijawahi kufanana na za binadamu. Volti ni Ctibor, fundi umeme mstaafu, akikupa mkono unahisi anakupima kama una shoti. Na Waziri ni Otakar, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote. Aligombea udiwani mara moja, akapata kura chache hivi kwamba mpaka leo anamshuku mkewe.

"Wauaji!" alisema Volti.

"Wanyama!" alisema Rangi.

"Baraza la mkoa linapiga kura mwisho wa mwezi," Waziri aliendelea kusoma. "Ngoja, hapa chini tumetajwa! 'Ili kuenzi kumbukumbu ya reli hiyo, chumba cha kusubiria abiria stesheni kitakabidhiwa kwa Chama cha Reli Ndogo, bila malipo, kwa maonyesho ya kudumu.'"

Volti alisogeza kiti karibu.

"Bila malipo?" aliuliza Volti.

"Bure kabisa."

"Kina kipasha joto?"

"Viwili."

Rangi alijifuta povu kwenye masharubu. "Unajua, hawa wa mkoa tunawasema sana, lakini siku nyingine wanatumia kichwa."

Basi, treni ya watu ilizikwa hapo hapo, hata matanga hayakuwekwa. Draha alisubiri mtu aseme neno. Neno lilikuja, ila halikuwa lile.

"Sasa ile injini yetu tunaipulizia nyekundu ipi?" aliuliza Waziri.

"Nyekundu ya treni," alisema Volti. "Kwani iko nyingine?"

"Mtu mzima unauliza hivyo?" Rangi aliiweka glasi chini kama hakimu. "Iko nyekundu ya treni inayotoka kiwandani. Iko nyekundu ya treni iliyopigwa jua miaka na miaka. Na iko ile uliyoninunulia wewe Waziri, ya kupakia uzio wa shule ya chekechea."

"Muuzaji aliniapia!"

"Aliapa akiwa ametazama pembeni. Halafu ni rangi ya maji! Rangi ya maji kwenye kibomba changu cha kupulizia inaganda kwenye sindano. Unabonyeza ipulize, inatema mate. Behewa linatoka na vipele kama lina tetekuwanga. Mimi natumia ya mafuta, inalala vizuri."

"Yako inalala vizuri, mkeo ndiye halali," alisema Volti. "Juzi ulipulizia jikoni, mama wa watu akahamia kwa dada yake na mapazia yake yana mstari wa rangi ya krimu, kama wa behewa, mpaka leo."

"Mstari umenyooka au haukunyooka?"

"Umenyooka."

"Basi."

"Na wewe Volti usicheke," alidakia Waziri. "Chumba tumepata, nyaya zako je? Watu siku hizi wanatumia dijitali. Waya mbili tu kwenye reli, kazi imeisha, kila injini ina akili yake."

Volti alibadilika uso kama aliyetukaniwa mama. "Waya mbili? Hiyo ni reli au kengele ya mlangoni? Mimi kila kipande cha reli nakipa waya wake na swichi yake. Mwekundu kulia, mweusi kushoto, nimelehemu kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Tunajua. Mara ya mwisho ulibonyeza swichi ya treni ya mizigo, likawaka kanisa."

"Taa ya kanisa!"

"Ilianza taa, Volti. Baadaye likawaka kanisa."

Rangi alicheka mpaka akakohoa. Draha aliwapelekea sahani ya soseji za siki, akaitua kwa kishindo. Hakuna aliyemtazama usoni.

"Bado tatizo langu liko palepale," alisema Rangi akitafuna kitunguu. "Nyekundu iliyopauka, lakini imepauka kiasi gani? Ndiyo maana Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa gari mpaka stesheni ya Olšinka na kadi zangu za rangi, nikazilaza mlangoni mwa treni moja moja."

"Kumbe ni wewe!" Draha aliruka. "Tulichelewa kuondoka, kondakta analalamika kuna mzee ameng'ang'ania mlango!"

"Sanaa haitaki haraka, dada Draha."

"Na wewe mzee Volti ulikuwepo?"

"Nilikuwa chini ya tuta, napiga picha magurudumu. Kutu yake tamu sana."

"Mimi darajani, napiga picha paa," Waziri alijisogeza kwa fahari. "Chama kizima tulikuwepo! Hakuna aliyekosa!"

"Mkapanda wangapi?"

Walitazamana kama wameulizwa nani kati yao ana mimba.

"Kupanda ya nini?" alisema Rangi taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Ukiwa ndani huioni treni."

Draha alivuta pumzi. "Jumatatu ndiyo wameanza kuhesabu abiria. Mama mmoja kutoka mkoani alipita behewani na kimashine chake, akanihesabu mimi, na bibi mmoja mwenye bata kwenye kikapu. Nje umati kama wa harusi, kila mtu na kamera. Akaniuliza hao ni nani. Nikamwambia, wapenzi wa treni. Akasema, 'Wangekuwa wanaichukia ingekuwaje?'"

"Hilo ni kosa la utaratibu," alisema Waziri akiinua kidole. "Wangehesabu na walioko nje."

"Wanahesabu mpaka Ijumaa, wazee wangu. Viti viko wazi."

"Ijumaa!" Rangi alisikitika kwa dhati. "Ijumaa napuliza mkono wa kwanza wa rangi."

Draha alirudi jikoni, akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Alikuwa ameumia. Hawa si watu wabaya. Alipovunjika mguu walimletea supu kwa zamu, ya Volti ikiwa na ladha ya risasi ya kulehemu lakini aliinywa. Na sasa wamekaa mbele ya macho yake wanagombania wekundu wa treni, wakati yeye mwenyewe hajui Desemba atafika vipi nyumbani. Alitamani kuwamwagia bia.

Akafanya kubwa kuliko hilo. Hakuwapelekea.

Kwenye baa ile hakuna anayeagiza bia ya pili. Glasi ikikaribia kuisha, Draha huleta nyingine bila kuulizwa, na huendelea kuleta mpaka mtu aifunike glasi yake. Volti alimaliza, akaisogeza ukingoni, akaendelea kubishana. Glasi ikabaki tupu. Akaisogeza tena kidogo.

"Tumekubaliana basi," alisema Waziri. "Injini nyekundu iliyopauka, rangi ya mafuta, Rangi apulizie nje, si jikoni. Nyaya Volti azifunge anavyopenda. Na mandhari iwe jioni, taa ziwake zote."

"Stesheni taa nne," Volti alianza kuhesabia vidole. "Ishara mbili. Kanisa—"

"Kanisa liache!"

"Na baa hii. Hapa lazima iwake, bwana! Dirisha hili hili, na sisi watatu ndani. Vijitu vyetu nimeshanunua, Waziri nimemchukua mwenye kitambi."

Draha alitokea mlangoni mwa jikoni, kisu mkononi. "Taa ya baa usiiunganishe."

"Kwa nini tena?"

"Si mnataka iwe kama kweli? Treni ikifutwa, mimi naondoka na basi la saa kumi na mbili jioni. Nikiondoka nafunga. Dirisha litakuwa giza. Utaokoa waya, mzee Volti."

Volti aliitazama glasi yake tupu, akamtazama Draha, akairudia glasi. Ndipo neno likamwingia akilini.

"Ngoja kwanza. Na Jumatano pia?"

"Jumatano, Alhamisi, mpaka sikukuu."

"Sasa bia tutakunywa saa ngapi?"

"Mchana. Kama dawa, baada ya chakula."

Rangi aligeuka rangi ambayo kopo lake haliuzwi popote.

Waziri alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Huu ni uhaini! Reli ni uti wa mgongo wa nchi! Mnyonge ananyang'anywa treni yake, na sisi tumekaa hapa tunaongelea mapazia?"

"Wewe ndiye ulianza na nyekundu," alisema Volti.

"Usinivuruge! Dada Draha, ya kwenda Olšinka ya jioni hii bado?"

"Inaingia sasa hivi."

"Tunapanda! Kesho tunapanda, Ijumaa tunapanda, chama kizima, na wake zetu! Watuhesabu mpaka kimashine kichoke!"

"Na chumba?" aliuliza Rangi kwa sauti ndogo. "Chenye vipasha joto viwili?"

"Chumba wakae nacho! Unakwenda au unabaki?"

Rangi alifunga macho kama anayemuaga marehemu, kisha akavaa kofia. Volti aling'ang'ana na koti alilolivaa ndani nje. Walitoka mbio, wazee wazima, wanasukumana mlangoni, na Draha akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka, hasira na furaha zimemjia pamoja. Aliwatazama dirishani wakivuka barabara. Taa za treni zilikuwa zimeshaonekana kwenye kona.

Katikati ya barabara walisimama. Wakashauriana, mikono hewani. Halafu wote watatu wakageuka, wakarudi wakikimbia.

Mlango ulifunguka kidogo, Waziri akachungulia, kofia imemkaa upande, pumzi juu juu.

"Dada Draha," alisema, sauti yote ya mkutano wa hadhara imemtoka, "samahani. Hivi tiketi siku hizi inakatwa wapi?"