Mikono Laini ya Kuchua Msamba

Jumatatu, 3 Machi
Mimba wiki ya thelathini na tano. Mkunga katufundisha kuchua msamba: kucha fupi, mikono safi, mafuta, vidole gumba, taratibu, dakika tano. Ngozi hiyo ya kwenye njia ya mtoto izoee kutanuka. Mke wangu akaitazama mikono yangu ya useremala. Uzazi wa kwanza alichanika, akashonwa nyuzi sita, mwezi mzima kuketi ni shida. Anaogopa, naona. Nimeapa: safari hii hachaniki! Ila kwanza mikono ilainike. Msasa una afadhali.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda karakana na glavu zilizojaa mafuta ya kupikia. Penye nia pana njia! Randa ikaniponyoka, ikatua mguuni kwa Nyundo, fundi mwenzangu na hasimu wangu wa siku zote. Akauliza kama najiandaa kuwa bibi harusi. Nikaiokota randa yangu. Nina kazi kubwa kuliko yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Mama mkwe, aliyekuja kumwangalia binti yake, kanikuta jikoni nimezamisha mikono kwenye bakuli la mafuta. Akauliza kulikoni. Mkwe utamwambiaje mambo ya msamba? Nikasema viungo vinaniuma. Maskini, akanihurumia. Akaleta dawa yake ya kuchua, ya pilipili, akanisugua mwenyewe mpaka kwenye viwiko. Nikamshukuru huku nimeuma meno.

Jumamosi, 8 Machi
Mikono inawaka moto. Nimenawa mara kumi na moja. Asubuhi nikamsogelea mke wangu na taulo safi begani. Akanusa, akaruka, mimba na yote! Akasema, "Mikono hiyo isinifikie mpaka mtoto aanze shule."
Kisha akakiri: tangu Jumatatu anajichua mwenyewe akitoka kuoga, mguu mmoja juu ya kigoda. Hata hakuniuliza! Basi nimejipa cheo cha msimamizi. Nashika saa, nje ya mlango.

Jumanne, 8 Aprili
Binti! Kilo tatu na nusu! Msamba haukuhitaji hata uzi mmoja. Mkunga kamsifu mke wangu: kajichua kwa bidii, kasukuma taratibu alipoambiwa, na bahati nayo ikamsaidia. Msimamizi hakutajwa. Lakini mke wangu ameketi! Ameketi wima, ananyonyesha, anacheka. Nilifurahi mpaka nikatoka nje kulia. Mama mkwe akanikuta huko, akauliza nina nini. Mwanamume mzima, nimwambie nalia? Nikasema macho yananiwasha.
Ameenda kuniletea dawa.